Fungu la Pacha

Dada yangu anapotuma picha, jambo la kwanza ninalofanya ni kuikuza niuangalie mkono wake wa kulia. Wateja wangu wa gereji hutazama milima, meli na zile barabara pana zilizopigwa mistari, wakasema, "Fundi, dada yako ameula." Mimi naangalia vidole. Nikiona viwili vimelala juu ya breki ya mbele narudisha simu mfukoni na kuendelea na kazi. Baada ya hapo wivu unaniingia upya, kwa kuwa nusura mkono ule uwe wangu, na najua ni kwa njia gani.

Ngoja nianzie mwanzo. Nyumbani tuko watatu. Kaka na dada ni mapacha, mimi nimewafuata. Kwetu Wasukuma anayefuata mapacha ana jina lake maalumu, linamngoja kabla hajazaliwa, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo hakuna aliyekaa chini akafikiri mimi niitwe nani. Mama yetu anaishi kijijini, nje kidogo ya Ushirombo, na kijiji kizima humwita Mama Mapacha. Nina miaka thelathini na miwili na sijawahi kusikia mtu akimwita mama yangu kwa jina langu.

Mapacha hupewa sawasawa. Sijui kama Wasukuma wote wanafanya kama alivyofanya mama au ni yeye aliyezidisha, lakini nyumbani kwetu ilikuwa sheria. Baba, Mungu amrehemu, akienda mnadani alirudi na kandambili jozi mbili, na mimi nilisubiri za dada zimbane. Kulikuwa na sahani mbili za bati zenye ua jekundu katikati. Mama alipakua ugali huku amekunja uso, akiongeza huku na kumega kule, na siku ya kuku aliweka paja moja sahani hii na paja la pili sahani ile. Mimi nilikuwa na bakuli la plastiki lenye ufa. Niliijua shingo ya kuku kuliko ninavyoijua sala ya jioni.

Ikitokea pacha mmoja hayupo, fungu lake lilipakuliwa vilevile. Mama aliamini kwamba lisipoliwa, mwenye fungu ataugua, na hakuna aliyeruhusiwa kulila ila yule aliyewafuata. Yaani mimi. Hizo ndizo siku pekee nilizokula kwenye sahani ya ua jekundu. Sasa mtoto wa miaka saba aliyekwisha kujua kwamba paja la kuku linamjia dada yake asipokuwepo, atafanya nini? Nilimwombea dada malaria. Nilipiga magoti kanisani, pale misheni, nikamtaja kwa jina lake la ubatizo ili pasitokee makosa. Malaria ikaja, akalazwa siku tatu, nami siku tatu nikala sahani yake. Sikuona aibu hata kidogo, niliona chakula kitamu.

Nilipokua nikatafuta mahali ambapo hakuna anayeuliza umemfuata nani, nikapapata Katoro. Nilianza na bodaboda, mwanamke pekee kijiweni, nikiwapeleka wachimbaji kwenye makarasha ya kusagia mawe na kuwarudisha sokoni wakiwa weupe kwa vumbi. Baadaye nikajifunza ufundi, nikafungua gereji yangu ya mabati. Leo pikipiki ikipita barabarani naujua ugonjwa wake kabla sijaiona. Kaka wakati huo alikuwa anaendesha mashine chini ya ardhi huko Bulyanhulu, na dada alikuwa mwalimu wa jiografia Shinyanga mjini.

Kaka akiwa na mapumziko alikuja gerejini, akakaa juu ya tairi kuukuu, tukatazama kwenye simu yake watu wanaovuka majangwa kwa pikipiki. Nadhani mtu anayeshinda chini ya ardhi hutamani mbali kuliko sisi wengine. Mwaka mzima hatukuwa na habari nyingine. Tungepita Kenya na Ethiopia, tungevuka bahari kwa meli hadi Uarabuni, kisha Uturuki, kisha Ulaya mpaka barabara iishe yenyewe. Siku moja, huku anamaliza karanga zangu, akasema waziwazi, "Tutakwenda wewe na mimi. Ikizima njiani nani mwingine ataiwasha?" Nilifunga gereji saa nane mchana, nikaenda kununua kofia ngumu.

Pikipiki mbili alizozileta zilikuwa za mtumba, ila injini zake zilikuwa kubwa kuliko kitu chochote kinachobeba abiria Katoro. Nilizifungua zote mbili hadi nati ya mwisho, nikazisafisha, nikazifunga. Nilichomelea karia za kubebea masanduku. Moja niliipima kwa mwili wangu: nilipandisha kiti, nikasogeza usukani, nikaweka mkono wa klachi pale vidole vyangu vinapofika bila kujinyoosha. Nilijiona mjanja sana. Ilibaki kwenda kumwambia mama.

Tulimkuta mama anaanika michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Tukamwamkia, akaitikia, akatuletea vigoda. Kaka akaeleza safari yote, nchi kwa nchi. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku anageuza michembe yake, kisha akauliza, "Na mwenzako?"

"Mwenzangu si huyu hapa," kaka akasema, akinionyesha.

"Huyo si mwenzako. Huyo amewafuata." Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mmoja aizunguke dunia yote, mwingine abaki Shinyanga anasahihisha madaftari? Mnataka kuniulia mtoto?"

"Mama, dada hajui hata kuwasha pikipiki," nikasema.

"Bebe," akaniambia kwa Kisukuma, yaani wewe, "si ndiye fundi? Mfundishe."

Nilimtazama kaka aseme neno. Kaka akatazama viatu vyake. Mengi nimemsamehe ndugu yangu huyo, lakini ule muda aliotazama viatu bado nimeuweka. Njia nzima ya kurudi Katoro wimbo wake ulikuwa mmoja tu, "Mama amesema, mimi nifanyeje?"

Tumaini langu likabaki kwa dada, kwamba ataogopa akatae. Badala yake alinipigia simu akilia kwa furaha. "Miaka yote nachora mito ya Ulaya ubaoni," akaniambia, "na mimi sijavuka hata Kagera. Mdogo wangu, nifundishe, nakuomba. Sitakusumbua." Nilikata simu nikapiga teke ndoo ya oili chafu, ikamwagika yote. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa na sababu nzuri. Ningeona raha kumchukia kama angekuwa anakwenda kujionyesha.

Alikuja likizo ya Juni, na madaftari yake kwenye mfuko, na zawadi ya kitenge kwa ajili yangu. Miguu yake mifupi. Nikalazimika kushusha kiti nilichokipandisha, kurudisha usukani, kulegeza klachi. Kila bolti niliyoigusa ilikuwa kama inanicheka. Kaka alikwishanunua makoti mawili yanayofanana, mabuti jozi mbili, glavu jozi mbili. Sheria ya mama ilikuwa imehamia dukani.

Siku ya kwanza, uwanjani, dada alishika usukani akauliza kila kitu kimoja kimoja, kama walimu wanavyouliza. Hii ni klachi, nikamwambia. Hii gia. Hii breki, ya mguu. Akagusa ule mkono wa chuma ulio upande wa kulia.

"Na hii?"

Hapa ndipo penye kesi yangu. Ile ni breki ya mbele. Kijiwe chochote cha Katoro ukiuliza watakuambia breki ya mbele ni ya kuua, ukiigusa inakurusha kichwa chini, na vijana wengi huikata waya kabisa siku wanayonunua pikipiki. Kwenye vumbi na mchanga wana sehemu ya ukweli. Lakini mimi ni fundi. Najua kwamba kwenye lami, ukiwa na mwendo na mzigo, breki ya mguu peke yake haikusimamishi, na ile ya mbele ndiyo inayookoa. Mwenyewe naendesha vidole viwili vikiwa juu yake saa zote.

"Hiyo achana nayo," nikamwambia dada. "Ukiigusa itakurusha."

"Sawa, mwalimu," akasema, akaondoa mkono haraka.

Sikupanga. Ilinitoka tu, na baada ya kunitoka nikaona ni tamu. Wala sikuwa nimesema uongo ambao mtu angenikamata nao. Ningeshtakiwa, Katoro nzima ingesimama kunitetea. Wiki tano nilimfundisha. Nilimfundisha vizuri mengine yote, mlima, matope, kuziba pancha, kukaza cheni, kwa sababu sikutaka kaka agundue. Nilipompakia nyuma yangu nilijibana nisiiguse breki ya mbele, asije akaona. Alikuwa mwanafunzi mzuri mno. Aliandika kila kitu kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, na wenzake wakimpigia simu aliwaambia, "Mwalimu wangu ni mdogo wangu, hamtaamini anavyojua." Alipokuwa anasema hivyo nilikuwa naye pale pale, nikipaka grisi.

Nilitaka nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilitaka ashindwe. Aogope siku moja, ateleze kidogo, aseme hii kazi siiwezi, mpeni mwenye nayo. Kwamba pikipiki ikiteleza haichagui kuteleza kidogo, hilo nililijua kuliko mtu yeyote, nikalisukuma pembeni.

Safari ya majaribio ya mwisho ilikuwa kutoka Katoro hadi kwa mama, lami, masanduku yakiwa yamejaa kama siku yenyewe. Kaka mbele, dada katikati, mimi nyuma kwa pikipiki yangu ya gereji. Tulipokaribia kijiji kimoja ng'ombe wakakata barabara, kundi zima, na mchungaji wao yuko mbali anapiga mluzi. Kaka alisimama. Nilimwona dada akikanyaga breki ya mguu. Tairi la nyuma likafunga, pikipiki ikaanza kwenda ubavu, na mkono wake wa kulia, nilikuwa nautazama mkono huo huo, ulikuwa umekunja ngumi kwenye usukani na haukugusa kitu. Alianguka upande ule, akateleza hadi ukingoni mwa lami.

Wazo la kwanza lililonijia, kabla hata sijashuka, nalo naliandika kwa sababu nimeamua kuandika, lilikuwa kwamba sasa pikipiki moja haina mtu.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Kofia ilimponya kichwa, koti likamponya ngozi. Hospitali walimfunga plasta mpaka karibu na kiwiko, wakamwambia wiki nane. Kule nje kwenye benchi kaka aliniuliza, "Ulimfundisha breki zote?" Nikajibu, "Nilimfundisha kama wanavyofundishwa wote." Ulikuwa ukweli mtupu. Alitikisa kichwa, akasema basi ni bahati mbaya.

Mama akatoa hukumu siku hiyo hiyo: mmoja asipokwenda, hakuna anayekwenda. Kumbe sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Kaka alikaa chini ya ukuta wa jikoni, mtu mzima, akifuta macho kwa kola ya shati. Na aliyetuokoa alikuwa dada, akiwa na plasta yake.

"Mama," akasema, "nilipokuwa sipo, fungu langu alikuwa anakula nani?"

Mama akanigeukia.

"Basi ale na hili," dada akasema. "Aende kwa niaba yangu. Nitakuwa nimekwenda."

Mama alifikiri siku mbili, akakubali. Nilirudi gerejini nikapandisha kiti. Alama za zamani za bolti bado zilikuwepo, kila kitu kikarudi mahali pake kwa dakika chache. Nilikuwa napiga mluzi. Kisha nikaona kwenye sanduku la mizigo lile daftari la dada. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa amechora usukani, mchoro mzuri kama wa kitabuni, na kwenye breki ya mbele ameweka mshale na maandishi mekundu: *Usiguse. Mwalimu amekataza.* Nikaacha kupiga mluzi, lakini kazi nikaimaliza.

Siku ya kuagwa mama aliwaita wenzake, akina mama waliozaa mapacha, waje waimbe nyimbo za mapacha. Hizo ni nyimbo za matusi, ya nguoni hasa, ambayo siku ya kawaida ungeyatamka mbele ya mama yako ungetafuta pa kulala. Siku ya mapacha ni baraka. Wakaimba, wakatunyunyizia maji yaliyochanganywa na unga, kaka na mimi, mimi nikiwa nimesimama mahali pa dada. Mama mmoja mzee akanitukana vizuri mpaka watu wakaanguka kwa kucheka. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kutukanwa kwa heshima namna ile, na nilipenda. Naapa nilipenda.

Tukaketi. Mama akaleta zile sahani mbili za ua jekundu. Paja huku, paja kule. Moja akamwekea kaka. Ya pili akaiweka mbele yangu, akasema, "Kula, mwanangu. Ni cha dada yako."

Dada alikuwa ameketi upande wa pili wa mkeka, plasta imelala kwenye paja lake. Alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la kujikaza, alikuwa amefurahi kweli kwa ajili yangu, na hapo wivu ukanipanda kuliko siku zote, maana hata moyo alikuwa amepewa mzuri kuliko wangu. Nilimega tonge. Nikaliweka mdomoni. Halikushuka.

"Ile breki ya mkono wa kulia," nikasema, tonge likiwa bado mdomoni, "ndiyo inayosimamisha. Nilijua."

Kaka aliacha kutafuna. Akina mama waliokuwa wanasikia Kiswahili vizuri walinyamaza, wengine wakaendelea kuimba kidogo, kisha nao wakanyamaza.

"Ulijua lini?" dada akauliza.

"Siku zote."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

"Nilijua."

Hakulia wala hakunitukana. Aliinama mbele, akanyoosha mkono wake mzima, akaivuta ile sahani kutoka mbele yangu mpaka magotini pake. Mkono wake mzima ulikuwa wa kushoto. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kula kwa mkono wa kushoto. Baba alitupiga kwa hilo tangu hatujui kuongea. Dada akamega tonge kwa mkono wa kushoto, mbele ya mama, mbele ya wageni wote, akalichovya, akala. Akamega jingine. Mama alimtazama mpaka mwisho na hakumkataza. Alikula hadi paja lile likabaki mfupa.

Pikipiki zilikaa kwa mama zimefunikwa turubai. Wiki nane zilipopita, na nyingine za mazoezi ya mkono, dada alikuja Katoro peke yake. Hakuniletea kitu. Alisimama mlangoni mwa gereji. "Nifundishe," akasema. Nikaenda kuileta pikipiki yake kutoka kwa mama, nikashusha kiti kwa mara ya pili. Nikamfundisha kuweka vidole viwili juu ya breki ya mbele, asiikamue ghafla, aivute kama anayekamua ng'ombe, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Nilikimbia kando yake nikipiga kelele "Sasa!" naye anasimama. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni mpaka sauti ikanikauka. Hatukuzungumza jambo lingine. Siku ya mwisho, wakati anavaa glavu zake, akasema bila kunitazama, "Nitakuwa natuma picha. Uangalie mkono."

Sitaki kudanganya kwamba nilipona. Siku walipoondoka, mvua za kwanza zikiwa zimelaza vumbi, nilikagua cheni zote mbili na kila bolti, na kila bolti niliikaza kwa wivu. Nilitamani dada aseme mgongo unamuuma. Nilitamani mvua irudi. Akina mama waliimba upya matusi yao, safari hii kwa mapacha wenyewe, na mama alipakua tena paja huku na paja kule. Walikula wakiwa wamevaa yale makoti yao yanayofanana. Mimi nilikula kwenye bakuli. Kisha wakawasha, wakapiga honi, wakashika njia.

Tulisimama mpaka mlio ukapotea upande wa Kahama. Mama akaniambia nikusanye vyombo. Nilipozichukua zile sahani mbili za ua jekundu nilitazama ndani kwanza, kwa mazoea ya miaka yote, kuona kama kuna aliyeniachia. Zote mbili zilikuwa tupu. Nikaenda kuziosha.